Kijani na Waridi

Mke wangu aliniachia kazi moja tu: kuchagua rangi ya chumba ambacho mama yake angelala akija kututembelea kutoka Ainabkoi. "Kijani ile hafifu," alisema, akaenda kazini.

Fundi, mzee mmoja mpole aliyetoka upande wa ziwa, aliweka vibao viwili vya rangi mezani. "Chagua, bosi."

Mimi niliona rangi moja. Kijani na waridi zikiwa hafifu hivyo, mwangaza wake ukilingana, siwezi kuzitofautisha kabisa. Nikiwa darasa la pili nilichora ng'ombe wa kijani, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo nimeficha, hata mke wangu sikumwambia, na tuna miaka tisa kwa ndoa.

Nikagusa cha kushoto. "Hii."

"Una hakika?"

"Si nimesema?"

Jioni mke wangu alisimama mlangoni, mkoba ungali begani. "Pinki? Nani amesema pinki?"

Ningesema hapo. Badala yake nilimgeukia fundi. "Mzee, si nilikuambia kijani?"

Alinitazama kwa muda, rangi ya brashi ikimdondokea kwenye kiatu. Kisha akainamisha kichwa. "Pole, mama. Labda nilisikia vibaya."

Mke wangu akamwita mjinga. Mzee wa umri wa baba yangu! Nami nilisimama pale nikitikisa kichwa, kama mtu aliyekosewa.

Mzee alirudia kuta zote nne bila kuitisha chochote. Siku ya mwisho, akiosha brashi kwenye mfereji nje, alisema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu pia hazioni hizo rangi. Vile ulinigeukia, nilijua. Ungeniambia tu, bosi, ningekusaidia."

Nilijifanya nimeitwa ndani.

Siku nne zilipita kabla sijamweleza mke wangu. "Mimi nimemtukana huyo mzee," akasema, "na wewe ukaniangalia tu."

Jumamosi tulimfuata mzee huko Kesses, alikokuwa akipaka vyumba vya wanafunzi. Nilimwomba msamaha mbele ya mafundi wenzake, na nikasema waziwazi kosa lilikuwa la nani. Mke wangu pia akaomba wake.

Mzee alishuka ngazi polepole. Mikono yake ilikuwa imejaa rangi, kwa hivyo akaninyooshea kifundo cha mkono nimsalimie. Nilikishika. Kumtazama usoni bado nilishindwa.