Bi Kizee wa Mlangoni

Watu wakisikia nimesoma Uturuki huniuliza baridi ikoje, chakula kikoje, na kama nilipata mchumba. Hakuna anayeniuliza nilichaguaje mtaa wa kukaa. Afadhali, maana nikijibu kweli watacheka. Mtaa ule alinichagulia mama yangu akiwa amekaa kitako Ole, kwetu Pemba, juu ya jamvi, anachambua karafuu, naye safari yake ya mbali kabisa maishani ilikuwa ni Unguja, tena kwa matibabu.

Nilikuwa nimeshapata nafasi ya chuo na mtu wa kunidhamini. Kilichobaki ni chumba, kwa sababu wageni walitakiwa wajitafutie wenyewe. Na mie nilishapata changu! Jengo jipya nyuma ya chuo, lifti, intaneti, mlango wa kufungua kwa kadi. Nikamwonyesha mama picha kwenye simu, nikingoja anipongeze. Akatizama, akanirudishia simu.

"Majirani wako wapi?"

"Mama, hiyo picha ya chumba."

"Ndo nnakuuliza. Chumba nimekiona. Watu je?"

Mama alikuwa mgonjwa. Unguja walituambia moyo wake umechoka. Baba alishatangulia mbele ya haki, kaka yangu na mkewe wanakaa Gombani, na pale nyumbani tulibaki mimi na yeye tu. Alijua, na mie nilijua, kwamba huenda nikirudi nisimkute. Hilo hatukulisema hata siku moja. Alilolisema lilikuwa jingine: "Kwenda sikuzuii. Lakini radhi yangu huipati mpaka nijue nakukabidhi kwa nani."

Kwetu mtoto hapelekwi mahali hivi hivi. Hata akienda kusoma Chake tu hapo, mzazi hufuatana naye, akatafuta mtu mzima wa ule mtaa, wakakaa, akamwambia: huyu wangu, leo wako, akikosea mkanye, akiumwa niite. Yule mtu mzima hujibu, "Nimepokea." Basi, yamekwisha. Neno hilo halina karatasi wala shahidi, na sijapata kusikia mtu kalirudisha.

Nami nina hasira za karibu, sikatai. "Sasa huyo mtu mzima wa Uturuki nimtoe wapi? Niagize dukani?" Majirani waliokuja kutusaidia kuchambua wakaangua kicheko. Mama hakucheka.

Aliyetutia katika kazi ni kaka. Alikuja siku moja kumtizama mama, akatuonyesha kwamba kwenye ramani ya simu unaweza kuitembea mitaa ya watu, nyumba kwa nyumba, kwa picha. Lo! Mama akapata shughuli. Ikawa kila baada ya alasiri, vidole vimeiva weusi kwa makonyo ya karafuu, mimi namtembeza Uturuki na yeye anatoa hukumu. Mtaa wa nyuma ya chuo: "Magari matupu. Wenyewe wamehama?" Mtaa wa maduka: "Hawa wakishafunga wanakwenda zao. Ukiugua utaugulia makufuli." Mtaa mmoja ulikuwa na nguo zimeanikwa, nikadhani tumefika. "Pazuri," akasema, "lakini milango yote imefungwa mchana kweupe. Twende mbele."

Tukaenda mbele, mpaka pembezoni mwa mji, kwenye kilima, nyumba kuukuu zimeegemeana. Kwenye mlango mmoja alikuwa amekaa bi kizee juu ya kiti cha plastiki, ana mtandio kichwani na beseni mapajani, anamenya maharage. Uso wake wenye ramani walikuwa wameufifiza, kama wanavyowafanya watu wote.

"Simama hapo hapo!" Mama alisema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu aanze kuumwa. "Huyu."

"Mama, huyu hata uso hana."

"Uso wa nini? Mtizame alivyokaa. Kaelekea njiani. Mtu wa kukaa hivi anajua nani katoka na nani hajarudi."

Jirani mmoja akasema pengine siku hiyo alikuwa anapumzika tu. "Mwenye kupumzika habebi beseni," mama akamjibu, na mjadala ukafungwa.

Nilibisha, wallahi nilibisha. Mbali na chuo, kilima, nyumba za kuota moto wa makaa! Nikanuna, nikawa namwekea chai bila kusema naye. Mwisho nikamtazama anavyotua kila hatua mbili akienda chooni, nikachukua simu nikatafuta chumba mtaa ule. Nikakipata, nyumba ya kukabili mlango wa yule bi kizee. Mama akafurahi kama aliyeposewa mtoto. Siku ya kuondoka akanipa mfuko wa karafuu nimpelekee, akanishika kichwa, akanisomea. Kisha akasema, "Radhi nakupa nusu. Nusu ya pili nikishasema naye."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na guu nusura livunjike kwa kile kilima na barafu yake.

Asubuhi ya kwanza nilivuka njia na karafuu zangu. Kiti hakikuwepo. Nikabisha hodi, akafungua mwanamke wa makamo, aproni kiunoni. Nilikuwa sijui Kituruki hata cha kuombea maji, nikamwonyesha ile picha kwenye simu na kuashiria: nataka huyu. Yule mwanamke aliitazama picha, akaweka mkono mdomoni. Akamwita mumewe. Mume akaja, akatazama, akakaa chini pale pale kizingitini.

Wakanieleza kwa ishara: yule bi kizee alikuwa mama yake huyo mume. Alikuwa amekufa zamani, kabla mimi sijawaza chuo wala safari. Picha za ramani ni za siku nyingi, nani angejua? Sisi Ole tuliona tu mtu amekaa mlangoni, tukamhesabu yuko. Nao hawakujua kwamba mama yao angali anamenya maharage ndani ya simu za watu. Mume alikuwa akigusa kioo kwa kidole, pale penye ule uso uliofifizwa, na mie nimesimama na mfuko wangu sijui niuweke wapi.

Jioni mama akapiga. "Umemuona?"

"Nimemuona."

"Hajambo?"

"Hajambo, mama. Kazifurahia karafuu."

Ningesema nini? Mtu ana moyo uliochoka, umwambie yule aliyemchagua ni marehemu?

Tangu hapo kila akipiga ni bibi, bibi. Nipe nisalimiane naye. Kalala, mama. Kaenda kwa binti yake. Kaenda hospitali kupima macho. Nilimsafirisha yule marehemu mpaka nikachoka mwenyewe. Huku nyuma mama alizidiwa, kaka akamhamishia kwake Gombani, na mkewe ndiye akawa anamuuguza. Siku moja kaka akanipigia, sauti kavu: "Hali si nzuri. Na hana jingine, ni huyo bibi yako tu. Mtie simuni basi, atulie."

Nilivuka njia tena. Kituruki changu kilikuwa kimeshafika cha sokoni, nikamweleza yule mkwe wa marehemu kwa maneno ya nyanya na vitunguu: mama yangu anakufa, anataka kunikabidhi kwa bibi, bibi hayupo. Nikamuomba akae badala yake. Nilikuwa nakitazama kizingiti huku nikisema. Nilidhani atanifukuza. Na angenifukuza, ana haki.

Aliingia ndani. Akatoka na mtandio wa mkwewe, amejitanda, na kiti cha jikoni. Akakiweka mlangoni, akakaa, akasema, "Piga."

Nikaishika simu mbali kidogo ili aonekane mzima, kichwa mpaka miguu. Mama alitokea amelazwa juu ya mito, mifupa ya uso imemtoka. Wakatoleana salamu, ya Kiarabu, ile inayojulikana kote. Kisha mama akaanza kusema naye, Kipemba kitupu, taratibu, anapumzika katikati: huyu wangu wa mwisho, ana hasira lakini hana kinyongo, akikosea mkanye, hali vizuri akiwa na mawazo. Ilikuwa nitafsiri. Sikutafsiri hata neno moja, nimeshika simu tu. Yule mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, machozi yanamshuka na wala hayafuti. Akanigeukia: nimjibu nini? Nikamwambia neno lenyewe. Akalirudia, herufi zinamgomea: "Ni-me-po-ke-a."

"Alhamdulillahi," mama akasema. Akanitazama mimi. "Haya, nusu yako hiyo."

Haikufika Ijumaa. Kaka alipiga asubuhi, hakusema hujambo, akasoma "Inna lillahi." Kisha akauliza, kwa sababu mtoto aliye mbali ni lazima aulizwe: "Tukungoje, au tumzike baada ya adhuhuri?" Ndege mpaka Dar, Dar mpaka Pemba, na maiti haiwekwi. Mwanamke akifa, wa kwanza kumwosha ni binti yake. Mama alikuwa na binti mmoja tu.

"Msiningoje," nikasema.

Sijapata kusema neno zito kuliko hilo. Mwanamke wa kule ng'ambo ya njia aliponisikia alikuja na wenziwe, wakajaa chumbani, wakasoma Yasini kwa lafudhi yao. Nilikaa katikati yao macho makavu, naangalia saa: sasa wanamwosha, sasa wanamtia sanda, sasa wanatoka naye.

Nilirudi likizo. Wifi yangu alinikalisha barazani Gombani, akanitilia chai, akasema ana amana yangu. Siku ile simu ilipokatika, mama alifumba macho kitambo, kisha akamwambia, "Yule siye."

"Siye nani, mama?"

"Wa kwenye picha. Yule alikuwa na miguu imevimba kama hii yangu. Niliiona tangu siku ya kwanza. Miguu ile haiishi sana. Kashakufa zamani yule."

Wifi akashangaa. "Sasa mtoto umemkabidhi kwa nani?"

"Kwa huyu. Hanijui, hanielewi, na bado kalia." Akavuta pumzi. "Usimwambie mwanangu mpaka nimeondoka. Kahangaika sana kunificha, ataona haya."

Chai ilipoa mkononi mwangu. Nikalia pale barazani, kwa sauti, mbele za wapita njia, mpaka wifi akaninyang'anya kikombe nisijimwagie.