Mwalimu Aliyepewa Ruhusa ya Idi Siku Isiyo Idi

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Mwalimu Mardhiya Abdulwakil anaita majina ya darasa la nne katika shule ya msingi ya umma, Edmonton, kaskazini mwa London. Anamwita Zahid. Hayupo. Anamwita Poonam, anaitika. Kati ya watoto thelathini, walioitika ni kumi na mmoja.

Wengi wa waliobaki wanakula Idi. Mwalimu wao naye ana hina mbichi mikononi na mtandio unanukia udi, ila anafundisha kugawanya.

“Miss, leo si sikukuu yenu?” anauliza mtoto mmoja.

“Ndiyo,” anajibu. “Fungueni ukurasa wa arobaini.”

Sheria inataka mahudhurio yaandikwe mara mbili kwa siku, na kila asiyekuwepo awekewe herufi ya sababu yake. Aliyekwenda kwenye sikukuu ya dini huwekewa R. Asubuhi hii Mardhiya ameandika R kumi na nane. Mmoja ana tetekuwanga.

“Mimi hakuna wa kuniandikia R,” anasema.

Mwalimu ni habari nyingine. Walimu wa shule kama yake wanatakiwa kuwa kazini siku 195 kwa mwaka, na likizo yao ni ile ile ya watoto. Shuleni kwake, anayetaka siku ya dini huiomba wiki tatu kabla, siku moja tu, na tarehe aiandike. Hapo ndipo penye kazi, maana mwezi hauandami kwa fomu.

Mardhiya ana miaka 44 na kwao ni Unguja. Mumewe hufuata mwezi wa Saudia. Mama yake, Bi Ghalia, mwenye miaka 79, anakaa Croydon, upande wa pili wa jiji. Ameishi London miaka thelathini na hajala Idi hata moja kabla mwezi haujaonekana Unguja, ambako mara nyingi huchelewa kwa siku moja. Na pilau ya ukoo hupikwa kwake.

Mwaka juzi Mardhiya aliomba siku ya Saudia. Akafika Croydon na watoto wake wamevaa kanzu mpya, akamkuta mama bado amefunga. Mwaka huu akajiona mjanja, akaomba Jumatano, siku moja baada ya Saudia, ili aangukie Idi ya mama.

Jumatatu jioni mwezi ukaonekana Saudia. Ukaonekana na Unguja. Misikiti yote ikatangaza Jumanne.

“Miaka yote tunaomba Waislamu tuelewane,” anasema. “Tumeelewana mwaka niliojaza form ya Jumatano.”

Alimwomba mwalimu mkuu, Noel, ambadilishie siku. Noel ni mtu mwema, lakini mwalimu wa kushika darasa alishapatikana wa Jumatano, wa Jumanne hayupo. Akauliza kwa nia safi kabisa: huyo anayethibitisha mwezi ana barua pepe?

Deepa, msaidizi wa darasa, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, hana huruma. “Sisi Diwali tunajua date yake mpaka miaka kumi mbele,” anasema. “Nyinyi mnangoja mtu atoke nje aangalie juu?”

Saa saba mchana simu inaita. Ni mama. “Tumeshakula, mwanangu. Nimekuwekea.”

Mardhiya anageukia dirishani. Ni Idi ya nne sasa anayoikosa kwa mama yake. “Tangu baridi hii mama hapandi ngazi bila kupumzika katikati,” anasema. “Najikuta nahesabu Idi zilizobaki. Naogopa.”

Jumatano anakwenda Croydon na ruhusa yake halali. Wageni waliondoka jana. Zimebaki sufuria moja na viti vya kuazima. Bi Ghalia amevaa tena nguo yake ya Idi.

Mardhiya anamweleza mpango wake. Ameiandikia bodi ya shule, akiomba fomu ikubali neno “Idi” peke yake, tarehe ijazwe mwezi ukishaandama. Bodi itakaa Juni.

“Na wakikataa?”

“Nitabahatisha tena, mama.”

Bi Ghalia anampakulia mpaka sahani inajaa.

“Kuswali, nitaswali mwezi ukiandama, hilo silibadilishi kwa serikali yoyote,” anasema. “Lakini pilau si ibada. Mwakani nitajie siku waliyokupa, ndiyo nitakayopika. Wengine watangoja.”