Dumu la Maji ya Chole

Wifi yangu Ziada, ambaye hapa Kitangari, Mtwara, tunamwita Mama Nurdini, aliletwa na kaka yangu Dauda mwaka 1991 kutoka Chole, kisiwa kidogo huko Mafia. Alishuka kwenye lori na kanga mpya, akauliza kisima kiko wapi. Nikamwonyesha bondeni. Akadhani namtania.

Kushuka ni saa nzima, kupanda na ndoo kichwani usiulize. Alilia njia yote. Nikamwambia, "Lia, lakini usimwage."

Tulishuka pamoja miaka mingi, mpaka bomba lilipokuja, nalo hutoa siku likijisikia.

Mwaka jana, baada ya arobaini ya Dauda, Awadhi, mdogo wake Ziada, akapiga simu kutoka Chole. "Dada, rudi nyumbani. Chumba cha mama nimekiezeka bati jipya. Huko unabaki na nani?" Ziada akasema jibu atalitoa akifika. Akaniomba nimsindikize. Nilifungasha korosho kwa hofu, maana wifi mwingine sina.

Chole kumetulia mpaka unasikia popo wakigombana mitini mchana kweupe. Ziada alinitembeza kama msichana. "Hapa nilijifunzia kusuka ukili wa mikeka, pale ndipo Dauda alipojifanya anaomba maji ya kunywa." Bibi yake alikuwa Mngazija, babu yake Mmakua kama wa Masasi. Jirani Mwarabu alituletea samaki na kunisalimia kwa Kimakua kibovu alichookota kwa babu huyo. Na kisima, jamani, kiko nyuma ya jiko! Maji matamu, hatua kumi tu. Nilioga ndoo nzima, nikaona aibu. Nikajua nimeshampoteza.

Siku ya tano, adhuhuri, mvua ikamwagika. Watu wote wakakimbilia ndani. Ziada akakimbilia nje. Masufuria, beseni, jagi la chai, vyote akavipanga chini ya mchirizi. Nami, bila kufikiri, nikawa nampa ndoo.

Awadhi alishika mbavu mlangoni. "Dada! Kisima hicho hapo! Nani kakuharibu hivi?"

"Huyu hapa," Ziada akaninyooshea kidole, kanga imemganda mwilini. Alicheka, kisha akaacha. "Awadhi, kule nyumbani sijui kama akina Nurdini wamefunua tangi la mvua. Mvua ikinyesha kule, watalala usingizi hawa."

Awadhi naye akaacha kucheka. "Nyumbani wapi, dada?"

Ziada aliangalia beseni likijaa. "Kitangari, mdogo wangu. Chumba cha mama kitunze, Ramadhani nitakuja."

Asubuhi ya kuondoka alichota dumu la lita tano kisimani mwao. Nikamuuliza maji yote hayo ya nini, Mtwara nzima hakuna maji? Akakaza kifuniko. Kwenye boti alilipakata kama mtoto mchanga, akiangalia minazi ya Chole ikizama nyuma yetu, machozi yanamtiririka.

Nilikuwa na maneno yale yale ya zamani.

"Lia, wifi. Lakini usimwage."