Barua Niliyoona Haya Kuiomba

Mara ya kwanza yule mama wa Kerege aliponiuliza majibu yake, nilimjibu kwa furaha kwamba yako njiani. Mara ya pili nilimjibu kwa adabu tu, nikabadilisha mazungumzo. Mara ya tatu hakupata hata nafasi ya kuniuliza. Nilimwona kwa mbali sokoni Bagamoyo, kapu la bamia mkononi, nikajitosa nyuma ya kamba ya mitumba mpaka akapita. Mtu mzima mimi, shahada mbili ukutani kwa mama yangu, nimesimama katikati ya sidiria za watu nimebana pumzi. Muuza mitumba akaniuliza nachagua saizi gani.

Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka, wallahi, maana nilikuwa naogopa kweli.

Mimi ni mtafiti wa maradhi. Mwaka ule nilikuwa na mkataba katika kituo kimoja cha utafiti pale Bagamoyo, kwenye mradi wa kichocho cha watoto wa shule. Kichocho sisi watu wa pwani tunakijua: mtoto anakojoa damu, wenzake wanamcheka, anapewa vidonge, yanakwisha. Jambo lisilosemwa ni kwamba minyoo hiyohiyo humwingia mama anayeshinda kwenye maji ya mpunga, na mayai yake yakamtia vidonda kule ndani, mahali asipomwonyesha mtu. Anatoka damu isiyo na siku. Anaumwa akiwa na mumewe. Na jirani akisikia, neno analo moja tu: zinaa.

Yule mama alilima mpunga bondeni, na nyumba yake ilikuwa Kerege, ndani kidogo ya barabara ya lami. Alipokuja kwetu, wifi zake walikuwa wameshampa jina. Mumewe hakusema kitu, ila alikuwa amehamia chumba cha mbele. Tulipima mkojo wake, hatukuona mayai. Tukampa vidonge kama wenzake, kisha nikachukua sampuli ya ndani kwa kijiti cha pamba, nikamwambia, kwa mdomo wangu huu huu, kwamba kipo kipimo cha vinasaba kitakachosema kama ni kichocho au sicho.

“Nitapata karatasi?” akauliza.

“Utapata, mama.”

“Yenye muhuri?”

“Yenye muhuri.”

Akashusha pumzi. Alitaka kuiweka karatasi ile juu ya mkeka mbele ya wifi zake, basi. Hakuniomba kingine.

Mradi ukaisha kabla ya kipimo. Kemikali za kupimia hazikuwapo tena, na hata zingekuwapo, pale kituoni hapakuwa na mtu aliyewahi kukifanya kipimo kile mwanzo hadi mwisho. Ilibidi mtu aende akajifunze, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Sampuli zikabaki kwenye friza, na mkataba wangu ukabakiza miezi miwili. Umeme ukikatika, nilikuwa nasimama palepale nilipo, hata kama nina kijiko mdomoni, mpaka nisikie jenereta imewaka. Nilijua siku nitakayoondoka mimi, friza ile itahitajiwa na mradi mwingine, na sampuli zisizo na mwenyewe hutupwa.

Nikaanza kutafuta ufadhili. Jamani! Asiyewahi kutafuta ufadhili wa utafiti asiseme amewahi kutafuta mume. Huyu anataka mwenye shahada ya uzamivu, mimi sina. Yule anataka mtu aliye chipukizi, lakini awe ameshapata ufadhili mkubwa mara moja. Sasa huo uchipukizi uko wapi? Mwingine anakupa masomo bila utafiti, mwingine utafiti bila mshahara, kama vile watafiti hatuli. Kila asubuhi nilifungua simu nikiwa bado kitandani, nikasoma “tunasikitika kukuarifu”, nikaenda kuoga.

Halafu nikaliona tangazo moja. Miaka miwili, kwa watafiti wachanga wa Afrika: miezi sita ya mafunzo katika maabara yenye kipimo kilekile, kemikali, mshahara, na mlezi wa kukushika mkono. Nililisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Sharti lilikuwa moja zito: barua ya mkuu wa kituo, aipandishe yeye mwenyewe kwenye mtandao wao, na kila kituo kitoe mtu mmoja tu. Mwisho ilikuwa Ijumaa, wiki sita mbele.

Maombi niliyaandika vizuri. Kilichonishinda ni kuomba barua.

Mimi nimezaliwa mji mkongwe wa hapahapa Bagamoyo. Kwetu jambo kubwa haliombwi na mwenye shida. Baba yangu alipotaka kuchimba kisima karibu na ukuta wa jirani, jirani ambaye walisali safu moja kila siku, hakumwambia yeye, alimtuma mtu. Ndivyo adabu ilivyo. Ukienda mwenyewe unamweka mwenzio pabaya, maana akitaka kukataa atakukataa usoni. Na mkuu wetu wa kituo alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mpole, mtu ambaye hata akikukosoa anaanza na “mwanangu, labda”. Nitaanzaje kumtolea macho nimwambie niandikie?

Nikamtuma mshenga. Alikuwa fundi wa maabara yetu, karibu kustaafu, yeye ndiye aliyenifundisha kushika darubini, nilimwita mjomba. Nilimweleza yote. Akavaa kofia yake, akaingia ofisini kwa mkuu, hazikupita dakika tano akatoka.

“Amesema uende.”

Mshenga akirudi na neno hilo, kwetu jambo limeisha. Nikasema alhamdulillahi, nikaenda nyumbani nikamwomba mama anipikie mkate wa kumimina.

Niliupeleka ofisini kwake umefungwa vizuri. Shikamoo, marahaba. Akaniuliza presha ya mama, nikamuuliza goti lake. Akausifu mkate. Yeye akanitazama, mimi nikaitazama kalenda ya ukutani. Nikasema moyoni, anajua, ataandika kwa wakati wake, nikitamka sasa nitaonekana namsukuma. Nikaaga. Wiki iliyofuata nikarudi na mkate mwingine. Tena presha, tena goti. Nilikwenda mara nne, na nilitoka kila mara na adabu zangu zote na bila barua.

Huku kwenye mtandao wa wafadhili kulikuwa na mstari mmoja mwekundu: barua ya mkuu, haijapokelewa. Nilikuwa naufungua alfajiri kabla ya kusali na baada ya kusali. Nilikuwa nikisikia hatua zake kwenye ukumbi najificha maabara, halafu zikipita nasikitika kwamba zimepita. Katika wiki hizo nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya kuandika maombi ya ufadhili. Mkufunzi akatuambia tuwakumbushe wadhamini wetu kila wiki, bila haya. Sisi wa pwani tukatazamana tukacheka. Mwenzangu mmoja wa kituoni kwetu, msichana wa bara, aliinama akaandika.

Jumatano ya wiki ya mwisho mlinzi akanipigia simu kutoka getini: una mgeni. Nikatoka. Alikuwa yule mama, matope yamemkaukia miguuni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Majibu yangu?”

Sikuwa na mitumba ya kujifichia. Nikamwambia kwamba nangoja barua ya mkuu, ikija nitapata mafunzo, nikipata mafunzo nitapima.

“Umemwomba?”

“Anajua, mama.”

“Sikuuliza kama anajua. Umemwomba?”

Nikatazama chini. Akaniangalia kwa muda, si kwa hasira, ila kama mtu anayekagua gunia kama lina tundu.

“Mimi nimeacha ndege kwenye mpunga nije nikuulize,” akasema. “Haya, kwaheri.”

Nililala vibaya. Alhamisi saa mbili asubuhi nilibisha ofisini kwa mkuu bila mkate. Aliponiuliza presha ya mama nikamkata, mimi, nikamkata mzee kauli:

“Mzee, samahani sana. Ni ile barua. Mwisho ni kesho.”

“Barua gani, mwanangu?”

Nilidhani ananitania. Nikataja ule ufadhili. Nikaona uso wake unabadilika taratibu, akavua miwani.

“Hiyo nimeshamwandikia mwenzako Jumatatu. Alikuja akaniomba. Na wanataka mmoja.”

“Mjomba hakukwambia?”

“Aliniambia una jambo lako, utakuja mwenyewe. Nikasema aje.”

“Na nilikuja, mzee. Nimekuja mara nne!”

“Umekuja,” akasema. Akawa anaifuta miwani isiyo na vumbi. “Nitakwambia kweli, mwanangu. Nilidhani unataka kuniuliza habari za mkataba wako. Mimi sikuwa na la kukujibu, pesa hakuna. Kila ulipoaga bila kuuliza, nikashukuru Mungu.”

Kumbe tulikaa wiki sita, mimi namwogopa yeye na yeye ananiogopa mimi, tukala mikate minne. Akaniomba radhi. Mzee kama yule kuniomba radhi kulinivunja zaidi kuliko kukosa barua. Nilitoka nikaenda chooni nikalia, kisha nikaenda kugombana na mjomba. Hakunijibu kwa ukali. Alisema yeye alibisha hodi tu, kuingia na kusema shida ni kazi ya mwenye shida, na kwamba mshenga haposi. Nilimnunia mpaka jioni ingawa nilijua ana haki.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Kerege. Ningeweza kutokwenda. Nilikwenda kwa sababu niliona nikikwepa tena sitaweza kuvaa koti jeupe mbele ya mtu yeyote. Nilimkuta uani anapeta mchele kwa ungo. Nyumba ya wifi zake ilikuwa ng’ambo ya ukuta wa makuti, sauti zao tunazisikia, kwa hiyo ilibidi nimweleze kwa kunong’ona. Nikamweleza yote, mshenga, mikate, kalenda, mwenzangu aliyeomba akapewa. Sikujitetea. Ungo ukasimama mapajani mwake.

“Kwa hiyo ulimwomba lini?”

“Juzi Alhamisi.”

“Juzi.” Akarudia polepole. “Kumbe mimi naendelea kuitwa malaya kwa sababu wewe una adabu.”

Ng’ambo ya ukuta watu walikuwa wanacheka mambo yao, na mimi nikaona kila cheko linamchoma yeye, na mwenye kuliwasha ni mimi.

“Nisamehe, mama.”

“Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nilikuvulia nguo, mgeni, sijui hata kwenu wapi. Wewe umeshindwa kufungua mdomo.” Akapangusa macho kwa kipembe cha kanga, upesi, kama aliyeingiwa na pumba. “Hakuna mwingine wa kumwomba?”

“Upo ufadhili mwingine. Mdogo, wa mafunzo tu. Lakini maabara yao inaruhusu uende na sampuli zako ukajifunzie. Unafungwa mwisho wa mwezi.”

“Nao unataka barua?”

“Unataka.”

“Basi muombe.”

“Jumatatu nikifika kazini, inshallah...”

“Simu si hiyo mkononi?”

Nikaandika. Shikamoo mzee, natumaini mama watoto hajambo, na goti lako linaendeleaje siku hizi. Akaniambia nimsomee. Nilipofika kwenye goti akanikatiza.

“Goti la mtu mimi la nini? Toa.”

Nikafuta. Yakabaki maneno mawili matatu: shikamoo mzee, naomba uniandikie barua ya ufadhili huu, naihitaji kabla ya Ijumaa. Yalinitazama pale kwenye kioo yakiwa uchi kabisa. Nikawaza atanionaje, atasema binti wa nani huyu asiye na haya, atamwambia nani.

“Tuma,” akasema.

Nikatuma. Alama mbili zikatokea chini ya ujumbe, na mkuu hakujibu. Tulikaa hivyo, mimi nimeishika simu kwa mikono miwili, yeye ameuinua ungo wake anaendelea kupeta.

“Ijumaa nitakuja getini,” akasema bila kuniangalia. “Na usijifiche tena. Siku ile sokoni nilikuona.”