Mguu Mmoja Mchangani

Jumamosi moja ya Aprili mama mdogo alinipeleka kisiwani kutazama ndege. Kwa maneno yake, tangu nimalize chuo nilikuwa nimekaa nyumbani Wazo nikitazama dari, basi bora nitazame kitu chenye mabawa. Yeye ni mwalimu wa biolojia. Mwezi huo ndege waliokuwa ufukweni kwetu tangu mvua za vuli huanza safari ndefu ya kurudi kaskazini, na alitaka kuwaona kabla hawajaondoka.

Sikumwambia kwamba wiki mbili kabla nilikuwa kwenye kisiwa hicho hicho na binamu yangu, tukivua. Ndoano yangu ilinasa kwenye mwamba. Nilivuta, nikavuta tena, mwisho nikakata mshipi na kuuacha pale, kama mita tatu za nailoni. Tangu siku ile niliukumbuka kila nilipopiga mswaki.

Boti ya kutoka Mbezi Beach ilitufikisha maji yakiwa yamejaa. Ndege walikuwa wamebanana kwenye ulimi wa mchanga: membe, sululu wenye midomo iliyopinda, na vitwitwi wengi wadogo. Mama mdogo alinipa darubini. Wa kwanza niliyemwona alikuwa kitwitwi mwenye kifua chekundu kuliko wenzake, amesimama kwa mguu mmoja.

Wimbi likaja. Wenzake walikimbia. Yeye aliruka-ruka kwa mguu ule ule.

Niliwahi kuona picha kwenye simu: nailoni hujizungusha mguuni, hukaza, na mguu hukatika. Nikaanza kuwaza. Ataweza kujisukuma aruke? Akichoka njiani, atatuaje? Na kama alikuwa na mwenza kule aendako?

"Mbona umeganda? Hebu na mie nione."

"Bado kidogo, mama mdogo."

"Dakika ishirini ndiyo kidogo? Hiyo darubini nimeiazima shuleni, si mahari yako."

Akanipa chapati. Sikuweza kula.

"Mama mdogo, nafikiri nimemkata mguu."

"Nani?"

"Yule ndege."

Nikamweleza yote, mshipi, mwamba, na mswaki pia. Alichukua darubini, akatazama, kisha akacheka mpaka membe wa karibu wakasogea.

"Wewe mtoto! Umeangalia mmoja tu saa zote hizi? Angalia na wengine."

Niliangalia. Karibu nusu yao walikuwa kwenye mguu mmoja.

"Wanapumzika," alisema. "Wa pili wameuficha kwenye manyoya. Na wavivu wale! Ukiwafukuza, wengine wanaruka na huo mmoja kuliko kuushusha wa pili."

"Na huyu wangu?"

Akaacha kucheka. "Huyu wako siwezi kukuapia. Nailoni inakata kweli. Tusubiri maji yapwe. Wakianza kula, mwenye miwili atatembea na miwili."

Tulisubiri zaidi ya saa nzima. Mvua ndogo ilipita, ikatulowesha, nami sikuondoa macho kwenye kile kifua chekundu. Maji yalipoanza kurudi, vitwitwi walishuka mmoja mmoja kwenye tope, wakawa wanadonoa. Wangu alibaki juu peke yake. Niliona nimepata jibu.

Kisha akajikung'uta, akanyoosha bawa moja, na chini yake ukatoka mguu. Mzima, na vidole vyake. Akaukanyagisha mchangani kana kwamba hakuna lililotokea, akakimbilia tope.

"Anao! Anayo miwili!"

"Hongera," alisema mama mdogo. "Umejifungua salama."

Nilikaa chini kwenye mchanga uliolowa, nikacheka nikiwa nimeshika kichwa.

Lakini mshipi ulikuwa bado upo mahali fulani, na miamba sasa ilikuwa wazi. Nilivua viatu nikaenda. Niliukuta pale pale nilipouacha, umeota majani ya bahari, ndoano imeshika kutu. Niliukwangua taratibu kwa ufunguo wa nyumbani, kipande kwa kipande, nikauzungusha wote kwenye chupa tupu ya maji. Niliupima kwa mkono kwanza ili nihakikishe hakuna kilichobaki. Kama mita tatu.

Boti ilipoondoka, vitwitwi waliruka pamoja, wakageuka kwa pamoja juani. Sikuweza kujua wangu ni yupi, na sikumtafuta.

"Mama mdogo, zile chapati zimebaki?"

"Imebaki moja. Zako nimezila mie, kwa wasiwasi ulionitia."