Tumbo Langu na Kifua cha Mke Mwenzangu

Mwaka ule wa mafua makubwa, Mwingereza angali anatutawala, tulilazwa siku moja mimi na mke mwenzangu. Mume wetu alitutoa mtaani kwetu Usagara hadi hospitali kwa mkokoteni mmoja. Homa ilikuwa moja, ila kwa mwenzangu ilikaa kifuani, kwangu ikashuka tumboni. Kikohozi nilikuwa nacho, tena cha kukata mbavu, lakini nani atasikiliza kikohozi cha mtu anayetapika na kuhara?

Dresa, yule msaidizi wa daktari, akatutenga palepale mlangoni. Bi mdogo akapewa kitanda cha dirishani. Mimi nikapelekwa chumba cha nyuma, jirani na choo, na amri juu: nisipewe cha kunywa mpaka tumbo likauke. Hata majumbani wengi waliamini hivyo, kwamba ukimnywesha anayehara unamzidishia. Lakini ufunguo wa chumba alikuwa nao dresa, na katika walioniacha na kiu yeye ndiye wa kwanza kumtaja.

Wa pili ni mume wetu. Mtaa mzima ulimsifu kwa haki: akinunua kanga, ni doti mbili. Basi kila alasiri alileta madafu mawili, la kila mke. Dresa akimwambia langu marufuku, naye anaitikia, haya, bwana dresa, na yote mawili yanaishia dirishani. Kati yetu palikuwa na ubao tu. Namsikia akimkatia, namsikia mwenzangu akimeza. Mimi ulimi umenigandia kinywani, nasikiliza mafunda ya mwanamke mwingine.

Wa tatu ni bi mdogo mwenyewe. Aliwaambia waliokuja kututazama kuwa mafua hayaharishi mtu, bi mkubwa kala papa aliyeoza kwa uroho wake.

Siku ya nne mafua yakamharisha. Wakamleta kwangu, mkeka kwa mkeka. Siwafichi, nilifurahi.

"Na wewe papa kakupa nani?" nikamwuliza.

"Nisamehe, bi mkubwa. Nina kiu."

Alasiri mume wetu akaja, dresa akakataza kama kawaida yake. Nikamsikia mtu yule mpole akipaza sauti: "Mke wangu hafi kwa kiu mbele ya macho yangu. Kama ni kosa, kanishitaki."

Akaingia na madafu yote mawili. Kwa kuwa ni mtu wa haki, moja akanipa mimi.

Nililinywa huku nalia, na wala sikuwa nashukuru. Kumbe mlango ule ulikuwa unafunguka siku zote.

Tulipona wote wawili. Siku ya kutoka nilimwuliza mume wetu kwa nini maneno yale hakuyasema siku tatu za mwanzo. Akafikiri kidogo, akajibu kwa upole wake:

"Hukulalamika, mke wangu."

Nilimtazama usoni nikaona hanidanganyi. Kweli hakuwa amejua kwamba nakufa.