Bado Hajacheka

Katika nyumba za studio ya zamani ya filamu, kule Changchun, walimwita Mzee Adui, maana ujana wake wote aliigiza maadui, akalipwa ili afe: kwa risasi, kwa upanga, hata kwa kuangukiwa na kengele. Bibi Qiao, muuza maziwa ya soya langoni, alimjua zaidi kwa mikono. Kila asubuhi mikono ile iliyonyonga watu kwenye sinema ilimkatia binti yake, Ruolan, andazi vipande vidogo vidogo. Ruolan alikuwa na miaka arobaini na akili ya mtoto wa miaka sita. Akigoma kula, baba mtu hujishika kifua, akaanguka chali, ulimi nje. Kisha huinuka na kuangua kicheko, kama ilivyo desturi ya waigizaji: ukishaigiza maiti sharti uicheke kamera, la sivyo kifo kitakuzoea.

"Umekufa vibaya, baba! Rudia!"

"Wewe mzee, utanifukuzia wateja," Bibi Qiao humfokea.

"Niache, dada. Nimekufa mara ngapi, na nani amenizika?"

Asubuhi ya theluji ya kwanza alianguka kabla hajalikata andazi. Ruolan akapiga makofi, akalila lote mwenyewe, haraka haraka, ili baba aamke. Bibi Qiao akapiga magoti, akamgusa shingoni. Halafu akavua aproni yake, akamfunika uso.

Ruolan akaivuta.

"Usimfunike, shangazi. Bado hajacheka."